Nilivyoandaa wikendi ya wafumaji na wasokotaji wa sufu Kinangop

Kila niliyemweleza kwamba nilikusudia kuwakusanya wafumaji na wasokotaji wa sufu kwa wikendi moja alinipa ushauri, na karibu ushauri wote ulikuwa mbaya. Mmoja, ambaye riziki yake ni kupanga semina, alisisitiza kwamba mkutano wa watu wasiofika 40 ni kupoteza muda, na kwamba sharti nikodi ukumbi wa hoteli mjini Naivasha, niweke vipaza sauti, nichapishe fulana na kumlipa mshereheshaji. Mwingine alinihakikishia kwamba hakuna mtu wa Nairobi atakayetoa pesa zake kwenda kushika manyoya ya kondoo yenye samadi. Wa tatu alinitaka ninunue uzi wa akriliki wa kiwandani, niwagawie watu, basi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusokota uzi wa kutosha kufungia kifurushi. Mfumaji hana haja na kipaza sauti. Anahitaji kiti kisicho na mikono ili viwiko vyake vipate nafasi, anahitaji mwanga unaotoka nyuma ya bega, na anahitaji mtu aliye karibu kiasi cha kumwinamia na kumwonyesha kitanzi kilichomponyoka mistari minne chini. Hayo hayawezekani kwa watu 40. Niliamua tuwe 12, na nafasi zote zikajaa kwa kupigiana simu tu.

Mahali palikuwa Kinangop Kusini, upande wa Njabini. Ukitoka Nairobi unafuata barabara ya Nakuru hadi Fly-over, kisha unaacha barabara kuu na kupanda hadi mwinuko wa mita 2,500 na ushei, ambako usiku mtu hulala na blanketi mbili hata wakati wa kiangazi. Wengine waliniuliza kwa nini nisiwapeleke Nanyuki, ambako kina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers wamekuwa wakisokota sufu na kufuma mazulia tangu miaka ya 1970. Hao nawaheshimu sana, na asiyewahi kuwatembelea aende. Lakini nilitaka tulale pale pale kondoo walipo, mtu aamke, afungue dirisha na kumwona aliyetoa sufu anayoishika. Mama mwenye shamba nililompata ana nyumba ya mawe yenye sebule kubwa na meko, na kondoo wake ni Corriedale, aina iliyozalishwa New Zealand na Australia kwa kuchanganya Merino na Lincoln, yenye sufu ndefu isiyokwaruza shingo.

Jambo la aina ya kondoo halina mjadala, ingawa mfanyabiashara mmoja wa mifugo alinipigia simu mara kadhaa akitaka kuniuzia magunia ya "sufu" kwa bei ya kutupa. Kondoo wake ni Dorper, aliyezalishwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyama, na wengine ni kondoo wekundu wa Kimaasai, ambao sifa yao kubwa ni kuhimili minyoo. Ni kondoo wazuri sana mezani na malishoni, lakini manyoya yao ni mafupi na magumu, na uzi hautoki humo hata ukeshe. Anayetaka kuandaa shughuli kama hii aulize aina ya kondoo kabla hajauliza bei ya vyumba.

Sufu yenyewe ndiyo iliyokula muda wangu kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo ninayojivunia. Nilifika shambani majuma machache kabla ya wageni.

"Mama, sufu ya mwaka huu umeiweka wapi?"

"Iko ghalani, mwanangu, kwenye magunia. Mnunuzi alishusha bei mpaka nikaona afadhali niwatandikie ndama."

Tuliyamimina magunia juu ya turubai, juani. Kwanza tukaondoa sufu ya tumbo, ya miguu na ya nyuma, ambayo huwa fupi na imeshika kinyesi. Hiyo ndiyo ya kuwatandikia ndama. Kisha nikachomoa kishungi kimoja kutoka kwenye sufu ya bega, nikakishika ncha zote mbili, nikakisogeza sikioni na kukivuta kwa ghafla. Sufu nzima hutoa mlio mmoja mkavu na haikatiki. Ile dhaifu huchakacha, maana nyuzi zake zinakatikia mahali pamoja, pale ambapo kondoo aliugua, alikosa malisho au alielemewa na kunyonyesha. Gunia moja lilichakacha karibu lote. Nilimpa mama naye asikilize. Alikivuta kishungi chake, akakitazama pale kilipokatika, akasema bila kusita, "Hawa ni wale waliozaa pacha wakati wa ukame." Gunia lile tukaliweka kando, kwa sababu uzi wa sufu ya namna hiyo hupukutika sweta likishavaliwa kidogo.

Kisha ikaja kazi ya kuosha, na hapo ndipo nilipokutana na ushauri mbaya kuliko wote. Kijana mmoja wa jirani, aliyekuwa na uhakika wa ajabu, alisema sufu huoshwa kwa maji baridi na sabuni ya unga, ikafikichwa vizuri. Tulimpa kishungi kizima aoshe atakavyo. Kilipokauka kilikuwa bado kinanata, ncha zimebaki za manjano, na sehemu aliyoifikicha zaidi ilikuwa imeshikana isivyoweza kuchanuliwa. Sababu ni rahisi. Mafuta ya sufu hayayeyuki mpaka maji yapite joto la mwili, kwa hiyo maji baridi huyaacha palepale yalipo. Kufikicha nako huzifanya nyuzi zishikane na kugeuka kitambaa kizito. Sabuni ya unga huwa kali, na sufu haipendi ukali.

Njia yangu ni hii. Niliomba kwa wachuuzi nyavu zile za kufungia vitunguu, nikajaza kila wavu sufu kidogo, bila kuishindilia. Maji yalichemshwa kwenye sufuria kubwa za harusi juu ya moto wa kuni, yakapunguzwa joto hadi yakawa ya moto ambao mkono hauwezi kukaa ndani, na nikatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Wavu unazamishwa taratibu kwa kijiti, unaachwa kama dakika 20, haukorogwi, haupigwi, kisha unatolewa kabla maji hayajapoa, kwa sababu yakipoa mafuta hurudi kwenye sufu. Maji ya kwanza hutoka rangi ya chai ya maziwa. Rudia kwa sabuni, kisha suuza mara mbili kwa maji yenye joto lile lile, maana kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi ghafla nako huishikanisha sufu. Kila kilo ya sufu mbichi hubaki kama nusu kilo au zaidi kidogo. Kinachoondoka ni mafuta, jasho na udongo wa Kinangop.

Kukausha kulinitia wasiwasi, kwa kuwa ukungu wa kule ukishuka alasiri, nguo iliyoanikwa asubuhi hurudi na unyevu wake. Ndiyo maana nilichagua Februari, kabla ya masika. Hata hivyo sikutegemea jua peke yake. Nilitandaza wavu wa banda la kuku juu ya kreti tupu za soda kwenye veranda, sufu ikawekwa juu yake, upepo ukapita chini na juu. Kabla ya kuitandaza, tulifunga kila wavu wa vitunguu kwenye kamba na kuuzungusha hewani kwa nguvu uwanjani, maji yakaruka kila upande, watoto wa jirani wakagombania zamu. Sufu iliyozungushwa hivyo ilikauka siku iliyofuata kabla ya ukungu kushuka, ilhali ile iliyokamuliwa kwa mkono ilikuwa bado mbichi katikati.

Vijiti vya kusokotea nilivitengeneza mwenyewe, kwa kuwa gurudumu moja la kusokotea lingenigharimu zaidi ya nyumba yote ya wikendi. Chukua sidii mbili za zamani, fimbo nyembamba ya mbao ya sentimita 30 hivi, na kulabu ndogo ya kuskrubu kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Tundu la sidii ni pana kuliko fimbo, na watu wengi hulijaza kwa gundi, ambayo hubanduka. Mimi nilikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha kwenye fimbo mpaka sidii zikaingia kwa kusukumwa. Hazichezi, na ukitaka kuzishusha au kuzipandisha unaweza. Uzito hufika gramu 40 hivi, kiasi kinachomfaa anayeanza, kwa sababu kijiti chepesi mno husimama na kuanza kurudi nyuma kabla mkono haujavuta sufu.

Chakula sitakizungumzia sana. Mama mwenye shamba na dada zake walipika mukimo, kuku, maharagwe na chai isiyokatika, na nilisisitiza jambo moja tu: mezani pasiwe na chochote cha kuacha mafuta mikononi kati ya mlo na mlo. Mandazi yalisubiri jioni.

Wageni walifika Ijumaa jioni, na stima ikapotea kabla hatujamaliza kusalimiana. Nilikuwa nimebeba taa za sola kwa sababu nalijua eneo lile, na tulifuma hadi usiku. Kati yetu walikuwamo kina mama waliojifunza kufuma shuleni kwa spoki za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye saruji, na mikono yao haijasahau. Wanafuma wakimtazama mtu usoni.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya kusokota. Anayeanza hushindwa kwa sababu anaambiwa afanye mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani azungushe kijiti huku anavuta sufu. Nawafundisha kuyatenganisha. Funga uzi wa kuanzia, zungusha kijiti mpaka uzi ujae msokoto, kisha kibane kijiti katikati ya magoti. Sasa kijiti kimetulia. Mkono mmoja unabana pale msokoto ulipoishia, mwingine unavuta sufu taratibu mpaka inakuwa nyembamba. Ndipo vidole vinavyobana vinasogea na kuuachia msokoto uingie. Watu wakiona msokoto unavyokimbia kupanda kwenye sufu legevu na kuigeuza uzi mbele ya macho yao, hawahitaji kuhimizwa tena.

Lakini aliyetufundisha sisi sote alikuwa shosho wa shamba la pili, mama mkwe wa mwenye nyumba, aliyepita kutusalimu tu.

"Shosho, karibu uketi nasi."

"Nipe hicho kijiti nikione, mtoto wangu."

Maisha yake yote amesokota nyuzi za katani za kusukia viondo, kwa kuzibiringisha juu ya paja. Alivuta leso yake vizuri, akalaza fimbo juu ya paja, akaisukuma kwa kiganja kuelekea gotini na kuiachia hewani. Kijiti kilizunguka muda mrefu kuliko chochote kilichowahi kutoka kwenye vidole vyetu, naye huku akivuta sufu bila haraka, uzi ukatoka mwembamba na sawia. Hakuwa amewahi kushika sufu. Tulisogeza viti, tukamzunguka, na hadi mchana sote tulikuwa tunasokotea pajani. Nilichoongeza ni kuwakumbusha wasibadili upande wa kusukuma, kwa sababu uzi mmoja mmoja husokotwa kuelekea upande mmoja, na nyuzi mbili zinapounganishwa huzungushwa upande wa pili, ndipo uzi utulie usijikunje. Shosho nilimlipa kama mwalimu, maana ndivyo alivyokuwa, na nawasihi wanaoandaa mambo haya wasiwafanye wazee wenye ujuzi kuwa pambo la picha.

Jumapili tulitia rangi. Nilikuwa nimekusanya maganda ya vitunguu kutoka kwa wachuuzi wa Marikiti, soko la Nairobi, gunia zima bila kulipa hata senti, na shambani palikuwa na gugu lile lenye harufu kali ambalo Wakikuyu huliita mubangi. Uzi ulilowekwa kwanza katika shabu, chumvi ya madini inayoshikisha rangi, gramu 15 kwa kila gramu 100 za uzi mkavu, ukapashwa moto polepole kwa saa moja bila kuchemka. Maganda ya vitunguu yalitoa rangi ya machungwa iliyokolea, mubangi ukatoa manjano, na mashada machache ya manjano tulipoyatumbukiza kwenye maji ya misumari yenye kutu yaligeuka kijani kilichofifia, rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye uzi wa dukani. Kwa kufumia uzi huo wa kwanza, wenye vinundu, niliwashauri watumie sindano nene, za milimita 6, na mfumo rahisi wa kofia, kwa kuwa sindano nyembamba hufanya kila kinundu kionekane.

Kuhusu pesa, kila mtu alichanga shilingi 6,000 hivi, nusu ikitumwa kwa M-Pesa mapema, na nusu hiyo hairudishwi. Nyumba ilichukua sehemu kubwa, chakula na kuni vikafuata, gharama ya sufu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, ingawa nilimlipa mama zaidi ya bei ya mnunuzi wake. Kilichobaki kilitosha nauli yangu na shabu ya awamu ijayo. Sufu ya awamu hiyo tumekwisha kuizungumza: mama atakata kondoo wakiwa wakavu kabisa, juu ya turubai na si juu ya nyasi, na kila sufu itakunjwa peke yake gunia lake, pamoja na kikaratasi chenye nambari ya hereni ya kondoo aliyeitoa.