Mfarishi wa leso, kazi ya msimu wa kusi

Kusi likishika Lamu, mwezi wa 7 na wa 8, wageni hutucheka wakituona tumejitanda shali. Kwao hiyo si baridi hata kidogo. Waje basi walale kwenye nyumba ya mawe huku Langoni, kuta zimekunywa maji masika yote na upepo unateremkia kiwandani, ule ua wa katikati ya nyumba, usiku kucha, ndipo tuzungumze.

Mimi huo ndio msimu wangu wa charahani. Wakati wa kaskazi siwezi. Januari na Februari, nguo nzito ikikulalia mapajani ni sawasawa na kupakata jiko.

Mwaka jana binti yangu aliyeko Toronto aliniomba mfarishi, yaani tandiko nene la viraka lililojazwa ndani. Blanketi huko hazikosekani, na kwao Januari maji huganda nje. Alichotaka yeye ni leso za bibi yake. Marehemu mama aliacha sanduku limejaa doti, nyingine zimebaki kipande kimoja, na mimi kila mwaka nilikuwa nazitoa, nazianika, nazikunja, nazirudisha. Nilikubali bila kufikiri sana. Sikuwahi kushona mfarishi maishani. Madera, mapazia, foronya, hayo ndiyo mambo yangu.

Leso niliziinua moja moja dirishani. Palipopenya mwanga palikuwa pamechakaa, nikapaacha. Zilizofaa zikawa 11. Mkasi niliushika, nikauweka, nikaenda kupika chai. Kilichonishinda ni majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Mji wa leso, ile sehemu ya kati, unakatika tu, maua ni maua, lakini unakataje "Kawia ufike" ikabaki "Kawia"? Mwishowe nikayatoa majina mazima mazima, ukanda kwa ukanda, nikayaweka kando. Pindo nazo nikazihifadhi za kukungia.

Sasa sikilizeni hesabu yangu ya kijinga. Kitanda ni futi 5 kwa 6, yaani inchi 60 kwa 72. Nikasema viraka vya inchi 6, kumi kwenda upana na 12 kwenda urefu, jumla 120. Nikakata vyote siku mbili, mgongo unaniuma, nimejipongeza. Nikaunga safu ya kwanza, nikaipima: inchi 55 na nusu. Nikapima tena kwa futi nyingine, nikidhani ile ya kwanza imenyooka kwa uzee. Kumbe kila mshono unakula robo inchi huku na robo kule, na kiraka cha inchi 6 kinabaki 5 na nusu. Fundi wa miaka 20 nisahau mshono! Ikabidi niongeze hadi 11 kwa 13, viraka 143, na vile 23 vya nyongeza nikavitoa kwenye leso nilizokuwa nimezikataa, sehemu zilizokuwa bado nzima.

Ujazo wa ndani ulinisumbua zaidi. Wazo la kwanza lilikuwa sufi, maana nilikuwa na mito miwili ya zamani. Nikajaribu kwenye kipande kidogo. Sufi ni nyepesi na inateleza, haishikani. Ukiinua kipande inakimbilia chini yote, juu panabaki leso tupu. Nyumba nzima ikapiga chafya. Nikachukua blanketi la pamba, nikalifua mara mbili kwanza ili kama ni kurudi lirudi kabla halijashonwa. Kulikausha ilikuwa siku tatu, kwa sababu mvua za rasharasha hazikuisha na hewa ya bahari haikaushi kitu. Chumvi ya hewa hiyo hiyo ndiyo inayokula sindano. Zangu nimeziweka kwenye kichupa cha mchele mkavu, kama tufanyavyo kwenye kidau cha chumvi. Sindano yenye kutu ikipita kwenye leso nyeupe inaacha alama.

Tabaka tatu tulizitandaza juu ya mkeka: shuka la chini, blanketi, kisha viraka. Paka wa jirani akaja kulala katikati, akafukuzwa, akarudi. Nikaanza kupiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, kutoka ukingoni. Nilipofika upande wa pili nguo ilikuwa imejikusanya mkunjo mkubwa kama wimbi.

Mjomba alikuwa amekaa pembeni akishona kofia yake ya vito, ile ya kudarizi kwa mkono. Kofia moja humchukua miezi, na hana haraka na mtu.

"Mwanangu, unaisukuma nguo kuelekea wapi?"

"Kule, mjomba."

"Na kule kuna mlango wa kutokea? Anza kati. Mkunjo ukimbilie nje."

Nikafumua bandi yote. Nikaanza katikati, nikatoka kama nyota, mishono ikiachana upana wa kiganja, na kweli nguo ikalala. Mjomba akaniazima subana yake pia, kile kikinga kidole cha mshonaji, baada ya kuniambia sindano naishika kama mwiko.

Charahani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono. Sindano namba 14 ilivunjika kwenye makutano ya viraka, pale tabaka zinapopandana. Nikaweka namba 16, nene zaidi, nikarefusha mshono, nikawa nazungusha polepole. Katikati ya mfarishi hapakuingia chini ya mkono wa charahani hata nilipokunja nguo kama jamvi, kwa hivyo hapo nikamalizia kwa mkono, jioni kwa jioni, mfarishi wenyewe umenifunika miguu. Usiku wa kusi kazi hiyo ni raha, sitaki kudanganya. Majina nikayashona ukingoni pande zote nne, na "Kawia ufike" nikaiweka upande wa kichwani.

Kosa la mwisho lilitokea kwenye kufua. Leso zote nilikuwa nimeziloweka mpaka maji yakatoka meupe, isipokuwa kisutu cha mama, leso yake yenye wekundu. Kwa uzee wake nilidhani rangi imeshatulia. Kumbe kilikaa sandukuni tu, hakikuwahi kufuliwa sana. Wekundu ukatoka, viraka vitano vya jirani vikawa vya waridi. Nilikaa juu ya ndoo nikatukana kidogo. Binti alipoona picha akadhani ndiyo mapambo, na mimi sikumsahihisha.

Nikaufukiza udi, nikaukunja, akaupeleka msafiri. Binti anasema ndani ya nyumba yao kuna joto la mashine, kitandani hauhitajiki sana. Yeye hukaa nao dirishani akisoma. Mwenzake wa chumba naye anataka wake. Nimemwambia asubiri kusi lijalo, na viraka safari hii nakata inchi 6 na nusu.