Milioni 140, maongezi yapo

Kaka yangu alitaka nyumba ya wazazi, Kimara, tuitangaze kwa milioni 180. Nikamuuliza bei hiyo kaitoa wapi. "Jirani wa kule juu anauza 175." Anauza, ndiyo, ila tangazo lake ukutani limeshapauka kwa jua. Mimi nilitaka kujua watu wamelipa kiasi gani, si wametaja kiasi gani.

Madalali hawasaidii sana hapo. Anayetaka umpe kazi anakupandishia, mwenye mteja mkononi anakushushia. Nilisikia bei za kweli kwa mjumbe na kwa majirani waliosimama mashahidi kwenye mauziano. Nyumba mbili zinazofanana na yetu zilitoka chini ya 140.

Yetu ina hati, na hilo nililitilia uzito kuliko kitu kingine chochote, maana mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki hawezi kwenda mbali bila hati. Gari linafika getini hata masika. Marumaru aliyoyaweka kaka sebuleni (anayataja kila kikao) hayakuongeza hata milioni moja.

Kisha nikatoa makato: dalali, mwanasheria, na kodi ya TRA, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida.

Tumetangaza 140, maongezi yapo. Chini ya 128 hatushuki, na namba hiyo dalali haijui. Kaka bado amenuna.