Mwaka Ulioandikwa Ndani ya Mandolini

Vijana wanaopiga taarabu hapa Lamu hunitumia picha za mandolini, vile vyombo vidogo vya nyuzi, za zamani zinazouzwa mtandaoni, na swali ni lile lile: "Ami, hii ya mwaka gani?" Maneno ya muuzaji nayaweka kando. Nataka picha ya ndani ya tundu, ya kichwa, na ya kila kipande cha chuma.

Juzi imekuja mandolini ya Gibson kutoka Marekani, muuzaji anasema ni ya 1898. Lebo kweli ina 1898. Lakini kampuni ya Gibson iliundwa mwaka 1902, kule Kalamazoo. 1898 ndio mwaka Orville Gibson alipopewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mandolini yake, na tarehe hiyo ikaendelea kuchapwa kwenye lebo baada ya hapo. Ukiikuza picha ya kile kibao cha kukinga ubao usikwaruzwe, utaona pamechapwa Machi 30, 1909. Hataza nyingine hiyo. Basi kama kibao ni chake cha asili, chombo hakikutoka kiwandani kabla ya hapo. Sasa panda kichwani: hakuna kile kifuniko kidogo cha fimbo ya chuma, ambayo Gibson walianza kuitia shingoni mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tayari tumeibana katikati. Nambari ya lebo, ukiilinganisha na orodha zilizochapishwa, itakusogeza karibu zaidi.

Zile za Kiitaliano zenye mgongo wa bakuli nazo ndio hivyo hivyo. Lebo imejaa medali za maonyesho, na mwaka wa medali si mwaka wa chombo.

Skrubu za nyota zilienea miaka ya 1930. Ukiziona kwenye vikazio vya nyuzi vya mandolini inayodaiwa kuwa ya 1910, jua vimebadilishwa. Hilo halinisumbui sana, mradi bei ishuke.

Kinachonisumbua ni shingo. Nyuzi nane za chuma zinavuta mchana na usiku, na bila ile fimbo, shingo ikishapinda huna cha kukaza. Tena gundi ya zamani ya ngozi hulegea kwa joto na unyevu, na hapa kwetu vyote viwili tunavyo. Nimemwambia kijana aombe picha ya shingo kwa ubavu, rula imelazwa juu ya vibano, vile vyuma vya kukatiza shingo, na nyingine ya ubao chini ya daraja linalobeba nyuzi. Asitume hata shilingi kabla ya kuziona.