Mti wa Damu na Mti wa Maziwa

Babu wa rafiki yangu alinipokea begi mlangoni, akalitundika kwenye kigingi cha mbao ukutani, karibu na moto. Kigingi kile zamani kilikuwa cha bunduki. Mgeni alipofika katika nyumba ya milimani, mwenye nyumba alimpokea silaha na kuitundika, na tangu hapo usalama wa mgeni ulikuwa juu yake, hata kama mgeni mwenyewe alikuwa na maadui. Akiuawa chini ya ulinzi huo, mwenyeji ndiye aliyebeba deni la kulipiza kisasi.

Tulikuwa Theth, kaskazini mwa Albania, katika bonde la kabila la Shala. Mimi na rafiki yangu tunafanya kazi pamoja Italia, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Yeye ni mzaliwa wa mji wa Shkodër, mimi ni wa Tanga. Kiangazi kile aliniomba nimsindikize kwenda kuwaona babu na bibi yake. Tulitoka Shkodër asubuhi, tukapita Bogë, tukapanda mpaka kwenye kipito cha Thore, kisha barabara ikaanza kuteremka kwa kona kali kuelekea bondeni. Lami ni ya juzi tu. Kabla ya hapo njia ilikuwa ya mawe, na theluji ikianguka watu wa Theth walikatika na dunia kwa miezi. Milima inayolizunguka bonde wenyewe wanaiita Milima Iliyolaaniwa. Chini yake kuna mashamba ya mahindi, mto wenye maji ya baridi kali, na kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1892.

Hatukuingia ndani moja kwa moja. Rafiki yangu alisimama uani akaita kwa sauti, "Ewe mwenye nyumba!" Hakuna anayevuka kizingiti bila kuitikiwa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa jambo hilo. Nilijua hodi nilipoisikia. Baada ya kuitikiwa yakafuata maswali, moja baada ya jingine. Mmechoka? Njia ilikuwaje? Huko mlikotoka hawajambo? Mzee aliuliza yote hayo akiwa bado amenishika mkono.

Akanikalisha mahali pa heshima, karibu na meko. Rafiki yangu alikwisha wadokeza kwamba mimi ni Mwislamu. Nyumba ile ni ya Wakatoliki, kama Shala yote, na nyama ya nguruwe iliyokaushwa ni chakula chao cha fahari. Haikuletwa mezani. Ulikuja mkate wa mahindi uliotoka jikoni muda ule ule, jibini, mtindi, nyanya, na kahawa nzito. Pombe yao kali walipeana wanaume, mimi nikawekewa maziwa. Kanuni, yaani sheria ya mila ya milimani, inasema mgeni apewe mkate, chumvi na moyo. Pale nilipewa vyote vitatu, na ninaposema moyo namaanisha mzee wa miaka zaidi ya themanini aliyeinuka mara kwa mara kuangalia kama nakaa vizuri.

Baada ya kula alianza kuhesabu mababu zake. Alitaja jina la baba, la babu, la baba wa babu, akaendelea bila kusita mpaka nikapoteza hesabu, na wajukuu wake wa kiume wakimfuata kwa midomo. Kisha akasimulia asili ya kabila. Shala, Shosh na Mirdita, alisema, wametokana na ndugu watatu wa baba mmoja. Kwa sababu hiyo, zamani kijana wa Shala hakuoa Shosh wala Mirdita, hata baada ya karne kadhaa kupita. Ilikuwa sawa na kuoa dada yake. Mke alitafutwa kabila jingine, ng'ambo ya mlima.

Kanuni yenyewe wanamnasibisha nayo Lekë Dukagjini, mtawala wa milima hii katika karne ya 15, aliyeishi zama moja na Skanderbeg, shujaa wa Waalbania aliyepigana na Waturuki. Kwa karne nyingi haikuandikwa. Wazee waliibeba kichwani na kuamulia mashauri chini ya mti. Padri Mfransisko aitwaye Shtjefën Gjeçovi ndiye aliyezunguka vijijini akiikusanya kifungu kwa kifungu. Aliuawa mwaka 1929 kabla ya kuona kitabu kizima, nacho kikachapishwa Shkodër mwaka 1933, vifungu zaidi ya 1,200. Mzee hakuwa na haja ya kitabu. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayesoma sala kwamba nyumba ya Mwalbania ni ya Mungu na ya mgeni.

Niliipenda sheria hiyo usiku ule, na bado naipenda. Aliyekuua ndugu yako akibisha mlangoni kwako, unamkaribisha, unampa chakula, na akiondoka unamsindikiza mpaka mpakani. Sheria inayoweza kumzuia mtu mwenye uchungu wa namna hiyo si sheria ya washenzi, kama walivyoandika wageni wengi waliopita kule wakihesabu maiti tu.

Lakini muda wote huo Bibi alikuwa amesimama.

Alisimama karibu na mlango wa jikoni, mikono imekunjwa mbele, akiangalia sahani ipi imepungua. Mimi mwanamke nilikuwa nimekaa mahali pa heshima kwa sababu mimi ni mgeni, na yeye mwenye nyumba hakuwa na mahali. Nilisogea nikamwonyesha nafasi kando yangu. Akatabasamu, akagusa bega langu, akarudi jikoni. Rafiki yangu akaniambia kwa Kiitaliano, polepole, "Mwache. Kesho asubuhi ataongea."

Mzee aliona. Akataka nielewe, akanieleza kwa upole wote. Ukoo wa baba, alisema, unaitwa mti wa damu. Ukoo wa mama ni mti wa maziwa. Damu ndiyo inayorithi ardhi, ndiyo inayodaiwa, ndiyo inayolipizwa. Maziwa hulea. Nilimuuliza Kanuni inamsemaje mwanamke mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kweli: imeandikwa kwamba mwanamke ni mfuko wa ngozi, kazi yake ni kubeba.

Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nyumbani kwake. Ila nililala nikiwa na hasira.

Asubuhi nilimkuta Bibi bustanini akichuma maharage. Nikashika kikapu cha pili. Rafiki yangu akaketi kwenye jiwe akitafsiri. Bibi aliuliza kama jana tulipofika tulipita kwenye mnara. Tulikuwa tumepita. Ni jengo la mawe lenye madirisha membamba, ambako mwanamume anayewindwa kwa kisasi alijifungia wakati wazee wakitafuta suluhu. Siku hizi watalii hulipa kuingia na kupiga picha.

"Walikwambia nani alikuwa akiwapelekea chakula?" akauliza.

Hawakuniambia.

Ndipo aliponisimulia habari za nyumbani kwa kaka yake, kule bondeni upande wa Shkodër. Wakati wa Enver Hoxha, dikteta wa kikomunisti, kisasi kilizimwa kwa jela na risasi, na mwaka 1967 hata makanisa na misikiti vikafungwa. Serikali ile ilipoanguka, ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1991 ya kugawa mashamba ya ushirika. Kila familia ilikumbuka mpaka wake wa zamani, na mipaka hiyo haikulingana na karatasi za serikali. Ugomvi wa familia ya kaka yake ulianzia kwenye mfereji wa maji ya kumwagilia. Kijana mmoja wa nyumba ile akamuua jirani. Kuanzia siku ile wanaume wote wa nyumba, mpaka mvulana aliyekuwa anasoma shule ya msingi, hawakutoka nje ya mlango.

Damu ya mwanamke haichukuliwi. Kumuua mwanamke kwa kisasi ni aibu kwa muuaji na ukoo wake. Basi wanawake ndio waliotoka. Walilima, wakakata nyasi za ng'ombe, wakashika mfereji ule ule, wakabeba unga, wakaenda sokoni na hospitalini. Bibi alitoka Theth kwa miguu na kwa malori aliyoyapata njiani, akakaa huko msimu mzima wa kazi akimsaidia wifi yake. Wanaume ndani walicheza karata, wakavuta sigara, wakagombana. Yule mvulana alifundishwa kusoma na shangazi yake, mezani jikoni, mapazia yakiwa yamefungwa.

"Wanasema hatuhesabiwi," alisema Bibi. "Kwa hiyo tulipita."

Suluhu ilichukua miaka. Padri alikwenda na kurudi, wazee walikwenda na kurudi, ulinzi wa muda ukatolewa na kumalizika na kuombwa tena. Mwishowe nyumba ya marehemu ikakubali kusamehe, na kikaandaliwa kile wanachokiita chakula cha damu: wenye kudai na wenye kudaiwa wanakula mezani pamoja, deni linafutwa. Bibi alikuwa jikoni siku hiyo, bega kwa bega na mjane wa aliyeuawa, kwa sababu kulikuwa na wageni wengi na mikono haikutosha. Nilimuuliza walizungumza nini. Alisema walizungumza kuhusu chumvi, kwamba supu imepungukiwa chumvi, na kwamba yule mjane alimshika mkono wakati wa kuonja.

Nilimuuliza pia kama hakuwahi kutaka njia nyingine. Akanitajia mwanamke mmoja wa utoto wake, wa nyumba ya jirani, ambaye kaka zake walikufa wote. Aliapa mbele ya wazee kwamba hataolewa wala kuzaa, akakata nywele, akavaa suruali, akashika bunduki na ardhi ya baba yake. Tangu siku ile alikaa na wanaume na kuvuta tumbaku nao. Bibi alimheshimu sana. Alisema pia kwamba usiku wa Krismasi alikuwa akimwona akiwaangalia watoto wa wenzake.

Siwezi kuipenda nusu ya sheria ile na kuisahau nusu nyingine. Mkono uliotundika begi langu ulikuwa wa mzee, na mkate uliofanya utundikaji ule uwe na maana ulikandwa na mtu ambaye Kanuni inamwita mfuko. Nyumba ni ya Mungu na ya mgeni. Katika sentensi hiyo nzuri, aliyeamka usiku kuwasha moto hayumo.

Mchana, tukiwa tunakunywa kahawa ya kuagana, rafiki yangu alimuuliza babu yake jambo ambalo sikutarajia aulize mbele yangu: nyumba hii, ambayo sasa inapokea watalii kila kiangazi, itakuwa ya nani? Mzee akamtazama mkewe kwanza. Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa bahasha. Alikuwa amekwenda Shkodër kwa mthibitishaji wa hati mwaka uliotangulia. Majina yalikuwa ya wajukuu wote, wavulana na wasichana, la rafiki yangu likiwa la pili. Bibi ameandikiwa haki ya kukaa humo maisha yake yote. "Alinisumbua miaka sita," mzee akasema, na Bibi, akiwa ameketi safari hii, akamwambia ilikuwa miaka tisa.