Mbegu kwa matatu

Mama mdogo amenitumia mbegu za kunde na mbaazi kwa matatu, nikazichukua pale Machakos Country Bus, kituo cha mabasi hapa Nairobi. Kopo limejaa jivu hadi juu. Jivu hilo ndilo linalozuia fukusi: nimezipepeta zote, sikuona punje yenye tundu. Kunde nimezipanda kwenye magunia hapa Kayole, kando ya sukuma wiki, na majani tumeshaanza kuchuma. (Mwenye nyumba hajalalamika. Bado.)

Sasa, kupeana mbegu hivi kungeweza kumponza mtu. Sheria ya mbegu, baada ya marekebisho ya 2012, ilimtishia mkulima anayeuza au kugawa mbegu zisizosajiliwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Yaani jirani kumpa jirani! Ilhali Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalinda mbegu za kiasili. Wakulima wadogo 15 wakaenda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu kule Machakos ikayafuta makatazo hayo. Heko kwao.

Mbaazi zimebaki nyingi, hizi haziwezi kupandwa kwenye gunia. Aliye na shamba Joska au Kitengela aje achukue, ila kopo nalihitaji.