Sikukimbia

Jumapili ya 12 Mei 2024, kwenye saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa nimeketi kitandani chumbani kwangu Umoja, simu mikononi, nikilinda lango kwenye mchezo wa mapigano tunaoucheza mtandaoni. Tulikuwa watano kama kila Jumapili: wawili Dar es Salaam, mmoja Kampala, kapteni wetu Mombasa, na mimi Nairobi. Msimu wa ligi ulikuwa unafungwa Jumanne, na tulibakiza ushindi wa mechi mbili tu tupande ngazi.

Mara mpiganaji wangu akaganda. Nabonyeza, hasogei. Sauti ya kapteni inaingia vipande vipande: "lango... wewe... lango!" Nikatupa jicho pembeni ya skrini kwenye namba ya pingi. Pingi ni muda ambao amri ya kidole chako inachukua kwenda kwenye sava, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo, na kurudi, ukihesabu kwa vipande vya sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Yangu hukaa 70 na kitu, kwa sababu sava za mchezo wetu kwa ukanda huu ziko Johannesburg. Sasa ilisoma 180, halafu 340, halafu ikavuka 400 na kugeuka nyekundu. Nikatolewa nje. Nikarudi, nikatolewa. Mara ya tatu likaja tangazo la kijivu: nimeadhibiwa kwa kuacha mechi, siku 7 bila ligi, na alama nyekundu pembeni ya jina langu ili kila atakayecheza nami ajue.

Nilikoga, nikavaa, nikatoka. Zamu yangu ilianza saa nane.

Mwaka huo nilikuwa nafanya kazi ya kuwahudumia wachezaji wa mchezo huohuo. Si kwamba niliajiriwa na wenye mchezo. Kuna kampuni ya hapa Nairobi iliyochukua tenda ya kujibu malalamiko ya wachezaji wa Afrika, nasi tulikaa ghorofa ya nne Mombasa Road, hedfoni masikioni, tukijibu tiketi, yaani malalamiko ambayo wachezaji wameyaandika. Simu unaifungia kabatini kabla ya kuingia. Kalamu na karatasi hazikubaliwi mezani. Ukiwa mchezaji, unaandikisha akaunti yako siku ya kwanza, na mkataba unakukataza kuigusa kwa mitambo ya kazi au kuwaambia wachezaji wenzako unafanya kazi wapi. Kundi langu hawakujua. Kwao mimi nilikuwa dada wa Nairobi asiyepatikana jioni.

Kazi hiyo niliipenda, tena sana. Tiketi za Kiswahili zote zilisukumwa kwangu kwa sababu nimezaliwa Mombasa, na niliona fahari mtu wa Kigoma anapoandika kwa lugha yake na kujibiwa kwa lugha yake.

Siku hiyo nilipoketi, foleni ilikuwa imefurika. Jumapili ya kawaida ningekuta tiketi chache za watu waliosahau nywila au mtoto aliyenunua sarafu za mchezoni kwa M-Pesa ya babake. Safari hii nilishuka ukurasa baada ya ukurasa na yote ni jambo moja: nimetolewa, nimeadhibiwa, nirudishieni pointi zangu. Kwenye ubao wa hali ya sava, Johannesburg ilikuwa kijani. Sava iko salama. Maana yake, kwa utaratibu wetu, kosa ni la mchezaji.

Majibu yaliyoandikwa tayari tuliyaita makro. Ya kuacha mechi ilikuwa namba 14: "Tunasikitika kwa usumbufu. Tafadhali zima ruta yako, subiri sekunde 30, kisha uiwashe tena. Kumbuka kwamba kuacha mechi ni kuwavunjia heshima wachezaji wenzako." Kiswahili hicho ni changu. Mimi ndiye niliyeitafsiri makro hiyo mwezi wa Januari, na nilisifiwa. Nilituma kama ishirini hivi bila kuinua kichwa, kwa kuwa kila tiketi ina dakika 6 na saa inakuhesabia juu ya skrini.

Kisha nikafungua ya mvulana mmoja wa Kilifi. Aliandika kama tunavyofundishwa kuandika barua darasani:

"Kwa mhusika, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Leo nimefungiwa kwa kosa la kukimbia mechi. Mimi sikukimbia. Nilisimama palepale mpaka wakaniua. Kesho shule zinafunguliwa, simu hii ni ya mama na naiacha nyumbani. Wenzangu wamenitoa kwenye kundi, wanasema mimi mwoga. Naomba mniondolee ile alama nyekundu kabla sijaondoka. Sikukimbia."

Alikuwa ameambatisha picha ya skrini. Mpiganaji wake yuko kwenye maji ya mtoni, uso umeelekea ukutani, upanga umeinuliwa nusu. Pembeni, namba nyekundu: 412.

Mwaka huo mafuriko yalikuwa yameahirisha kufunguliwa kwa shule mara mbili, na kweli zilikuwa zinafunguliwa kesho yake, tarehe 13. Mtoto wa bweni akiingia, habari ya mchezo imekwisha mpaka Agosti. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya makro namba 14. Nikaisoma tena ile sentensi ya heshima, sentensi yangu mwenyewe, nikaona ninakwenda kumwambia mtoto huyu kwamba ameongopa. Na mimi asubuhi nilikuwa nimesimama mahali palepale aliposimama.

Nikaiacha tiketi wazi. Saa ikapita dakika 6, ikageuka nyekundu, nikaiacha.

Wakati wa chai nilichukua simu kabatini. WhatsApp ilikuwa inakwenda kwa kukokota, lakini ujumbe wa kaka yangu ulishafika: nyaya mbili za chini ya bahari zimekatika kule kwenye pwani ya Afrika Kusini. Hapo nikaelewa mchezo mzima. Njia fupi ya kutoka Mombasa kwenda Johannesburg ni waya unaoshuka na pwani, ukapita Msumbiji. Ukikatika huo, amri ya kidole chako lazima ipande Ulaya kwanza, izunguke bara kwa upande wa magharibi, ndipo ishuke kusini. Na huko kaskazini nako hapakuwa salama, maana tangu Februari nyaya nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Sava ilikuwa kijani kwa sababu sava haikuwa na neno. Kilichokatika ni barabara ya kuifikia, na hakuna kuzima ruta kutakakounga waya uliolala chini ya bahari.

Nilirudi mezani nikapanga tiketi zote kwa saa ya kutolewa mechini. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda: wote wameanza kuanguka karibu dakika zilezile. Wachezaji wa Afrika Kusini, hakuna hata mmoja. Nikaandika ukurasa mmoja, nikaweka na picha ya yule mtoto, nikampelekea msimamizi wangu.

Alisoma akiwa amesimama. "Dadangu," akasema, "una tiketi kumi na moja nyekundu. Unajua hesabu yako ya wiki itakuwaje?"

"Najua, kaka. Lakini tunawaita watu waoga kwa waya uliokatika baharini."

"Ukiondoa adhabu hata moja bila ruhusa, mimi na wewe kesho tuko nyumbani."

"Sitaondoa. Naomba tu uwapigie wenye mchezo."

Alinitazama kwa muda, akaenda kwenye chumba cha kioo na kufunga mlango. Ilikuwa Jumapili, na wenye mchezo huko Ulaya walikuwa wamepumzika majumbani kwao. Nilimwona kupitia kioo akiongea, akikaa kimya, akiongea tena, akikuna shingo. Mtu yule alikuwa na mkopo na watoto watatu, na alipiga simu nne. Sijawahi kumsahau kwa hilo.

Saa tatu usiku jibu likaja. Adhabu zote za kuacha mechi tangu asubuhi hiyo, kwa nchi zilizoathirika, ziondolewe, na mtambo wa kuadhibu uzimwe kwa ukanda wetu. Sharti lilikuwa nitengeneze orodha, na akaunti za wafanyakazi zisiwemo.

Nilitengeneza. Jina langu la mchezoni lilijitokeza lenyewe kwenye mstari wa saba, katikati ya majina ya kundi langu. Nikaufuta mstari huo. Kapteni na wenzangu wakafunguliwa usiku huohuo. Mimi nilikaa siku zangu saba hadi mwisho, msimu ukafungwa sipo. Waliniuliza kwenye kundi mbona wote tumesamehewa isipokuwa wewe, na mmoja akaandika, labda huyu alikimbia kweli. Iliniuma, na sikuwa na la kujibu ambalo mkataba uliniruhusu.

Yule wa Kilifi nilimwandikia kwa mkono wangu, bila makro. "Marahaba, mdogo wangu. Tumeangalia. Hukukimbia. Nyaya za intaneti zimekatika baharini na wengi wameanguka pamoja nawe. Alama nyekundu imeondolewa, na pointi zako zimerudi. Pingi bado ni mbaya, kwa hiyo ukiingia leo cheza mechi ya kawaida tu, si ya ligi. Nenda salama shuleni, na mama umsalimie."

Kabla ya kufunga kompyuta nilifungua akaunti yake mara ya mwisho kuhakikisha alama imetoka. Imetoka. Chini yake kulikuwa na mstari mpya, mechi moja ya kawaida, ilikuwa imeisha dakika chache zilizopita. Dakika 23. Pingi 391. Aliuawa mara 14, upande wake ukashindwa, naye alikuwemo mpaka mwisho.