Desemba Pale Ngata

Katika kazi ya kuuza mashamba na viwanja, Desemba ina sifa mbaya. Jamhuri Dei ikishapita, kila unayempigia simu anakwambia "tuongee Januari", na Januari ikifika anakwambia karo. Mwaka 2021 hapa Nakuru kulikuwa na zaidi ya hayo. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulikuwa unakaribia, na mtu wa Bonde la Ufa, anayekumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, hahitaji kuelezwa kwa nini mnunuzi wa shamba husitasita kura zikinukia. Hata hadhi ya jiji tuliyopewa tarehe 1 Desemba haikuwasukuma wanunuzi. Iliwasukuma wauzaji, wakapandisha bei.

Wenzangu walifunga kazi mapema, wakaenda makwao. Mimi niliomba niachiwe ufunguo wa ofisi kwa sababu ya jambo ambalo nilikuwa nimelitafakari kwa muda mrefu. Shamba halinunuliwi na mtu mmoja. Anayenipigia ni bwana, lakini nyuma yake yuko mkewe, yuko mama yake, yuko ndugu aliyeahidi kuongeza kitu. Mwaka mzima watu hawa wanaongea kwa simu, kila mmoja kivyake. Krismasi ndiyo huwaingiza kwenye gari moja, na magari mengi yatokayo Nairobi kwenda Kakamega, Bungoma au Kisumu hupita hapa kwetu, kabla njia hazijagawanyika Mau Summit.

Basi nilichukua daftari la watu waliowahi kuuliza bei, nikawapigia mmoja baada ya mwingine. Sikumwuliza yeyote atanunua lini. Niliuliza, "Mnapitia Nakuru lini?" Swali hilo halimbani mtu. Wengine walinitakia sikukuu njema tu, na wako walionipa tarehe.

Kabla afisi ya ardhi haijafunga, nilipita kufanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi za umiliki, ya kila kipande nilichonuia kuonyesha. Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, ilikuwa imezinduliwa Nairobi Aprili mwaka huo, lakini kwetu kazi bado ilikuwa ya karatasi na kaunta: unapeleka nakala ya hati, unalipia, unangoja jibu lenye jina la mwenye shamba, likionyesha pia kama shamba limewekewa mkopo au zuio. Mtu akisimama njiani na watoto waliochoka, anastahili karatasi mkononi. Hilo nalishikilia hadi leo.

Familia ninayoikumbuka zaidi ilikuja baada ya Krismasi, ikirudi Nairobi kutoka Kakamega. Bwana, mkewe, watoto, dada yake, mama yake mzazi, na mkungu wa ndizi pamoja na kuku huko nyuma. Tulikutana Ngata, nje kidogo ya jiji la Nakuru, kando ya barabara kuu, malori yakipita kutoka upande wa Salgaa, tukashika njia ya vumbi hadi kwenye robo ekari yenyewe. Bwana alitaka kuona bikoni zote nne, yale mawe ya mipaka. Mkewe aliuliza habari za maji na shule. Mama yeye aliinama, akachukua udongo, akausugua kwa vidole, kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyezikwa pale. Nikamwambia hapana, na kwamba mwenye shamba yuko nyumbani anatungoja, amwulize mwenyewe.

Nilikuwa nimemwomba huyo mzee mwenye shamba awepo pamoja na mkewe, maana bila idhini ya mke mauzo ya shamba la familia hayasimami kisheria. Tulikaribishwa chai. Wazee wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua na mahindi, na mara mama akamgeukia mwenyeji wake.

"Mama, nikuulize bila kuficha. Kura zinakuja. Watoto wangu wakijenga hapa, watalala?"

Mke wa mzee aliweka kikombe chini. "Mwaka ule wa 2008 hata sisi hatukulala," akasema. "Siwezi kukudanganya. Lakini njoo nikuonyeshe wanaokaa hapa."

Wakatoka, wawili tu, wakaenda lango kwa lango. Niliwaona kwa mbali wakisimama kwa mwalimu Mkisii, kwa mjane aliyetoka Nyeri, kwa familia ya Kikalenjin iliyopakana na kile kipande. Kila mahali walisalimia, wakakaa kidogo, wakaendelea. Mtoto mmoja alianza kulia kwa njaa, na bwana akawa anatazama saa kwa sababu ya msongamano wa Gilgil. Sikuwaharakisha. Nina maneno mengi ya kuuza, lakini hakuna hata moja ambalo lingeifanya kazi waliyokuwa wanaifanya akina mama wale.

Waliporudi, mama alimwambia mwanawe neno kwa Kiluhya. Bwana akatoa simu, akataka kutuma arabuni papo hapo.

"Ndugu yangu, leo usitume," nikamwambia. Nikampa nakala ya hati na matokeo ya sachi, nikamweleza kwamba afisi zikifunguliwa wakili wake afanye sachi yake mwenyewe, mkataba uandikwe, asilimia 10 ilipwe kupitia kwa mawakili, kisha ombi la idhini lifike kwa bodi ya ardhi, inayoidhinisha mauzo ya mashamba, ndani ya miezi 6, la sivyo mkataba unakufa. Mkewe ndiye aliyeziweka karatasi kwenye mkoba.

Walinipigia Januari, wao wenyewe. Mkataba ulitiwa saini Februari, bodi ikatoa idhini, na hati ikatoka kabla ya kura. Mzee aliuza kipande cha pili mwaka huohuo. Aliyenunua ni yule dada wa bwana, ambaye siku ile Ngata alishuka garini, akazunguka bikoni zote nne, akarudi kuketi bila kuniuliza chochote.